Sura ya Sita: Mongolia, Dola Iliyozaliwa Malishoni

Mongolia ni nchi ya Asia ya Mashariki inayopakana na mataifa mawili tu, Urusi upande wa kaskazini na China upande wa kusini, nayo haifiki baharini popote. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,564,000, ilhali wakazi wake ni kama milioni tatu na nusu, kiasi kwamba kila kilomita ya mraba ina wastani wa watu wawili hivi, na hakuna nchi huru nyingine duniani ambamo watu wametawanyika namna hiyo. Ukubwa wa ardhi na uchache wa watu umewafanya wageni wengi waione Mongolia kama nchi tupu inayosubiri kujazwa. Mtazamo huo unapotosha, kwa kuwa nyika za Mongolia zimetumika kwa utaratibu maalumu kwa karne nyingi, na kila bonde, kisima na kambi ya majira ya baridi imekuwa na watumiaji wanaojulikana. Sura hii inaeleza ardhi hiyo, watu wake na serikali yao, na hoja yake kuu ni kwamba siasa za Mongolia haziwezi kueleweka bila kuelewa kwanza malisho yake. Swali lililowakabili wafugaji tangu zamani, yaani jinsi watu wengi watakavyoitumia mali ya pamoja bila kuiharibu wala kuiachia mikononi mwa wachache, ndilo swali linaloikabili dola ya leo, sasa likihusu si majani tu bali pia shaba, dhahabu na makaa ya mawe.

Ardhi ya juu, kavu na baridi

Mongolia ni uwanda wa juu wenye wastani wa mita 1,580 hivi kutoka usawa wa bahari. Magharibi mwake imesimama milima ya Altai, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote nchini, Khüiten, kina mita 4,374 na hufunikwa na barafu mwaka mzima. Katikati ipo milima ya Khangai yenye miteremko ya mviringo na mabonde mapana ya majani, na kaskazini mashariki ipo milima ya Khentii, ambako misitu ya misonobari inayotoka Siberia hukutana na nyika. Upande wa mashariki ardhi hunyooka na kuwa bahari ya majani isiyo na miti, na upande wa kusini majani hupungua kidogo kidogo hadi nchi inapoingia katika Gobi, jangwa linaloendelea hadi China. Mchanga ni sehemu ndogo tu ya Gobi, kwani eneo lake kubwa ni changarawe, mawe na vichaka vikavu vinavyotosha kuwalisha ngamia wenye nundu mbili na mbuzi wavumilivu.

Maji ya nchi hii hugawanyika kwa njia tatu. Mito ya Selenge na Orkhon huelekea kaskazini, ikaingia katika ziwa Baikal la Urusi na hatimaye katika bahari ya Aktiki. Mito ya Onon na Kherlen huelekea mashariki, upande wa bonde la mto Amur na bahari ya Pasifiki. Na mito ya magharibi na kusini haifiki bahari yoyote, bali huishia katika maziwa ya chumvi kama Uvs au hunyonywa na jangwa. Hazina kubwa ya maji matamu ni ziwa Khövsgöl lililo karibu na mpaka wa Urusi, lenye kina cha zaidi ya mita 260, ambalo peke yake hubeba sehemu kubwa ya maji yote matamu ya juu ya ardhi nchini.

Kwa kuwa nchi iko mbali na bahari na imezingirwa na milima, mawingu ya mvua hufika yakiwa yamechoka. Mvua na theluji za mwaka mzima hukadiriwa kuwa milimita 200 hivi kwa wastani, na katika Gobi hazifiki hata 100, huku sehemu kubwa ya kiasi hicho ikinyesha katika miezi michache ya kiangazi. Anga huwa wazi kwa siku nyingi za mwaka, lakini jua hilo halileti joto wakati wa baridi, kwani hewa nzito kutoka Siberia hutua juu ya uwanda na kushusha vipimo hadi nyuzi 40 chini ya sifuri za Selsiasi katika maeneo mengi. Ulaanbaatar, uliojengwa kandokando ya mto Tuul kwenye kimo cha takriban mita 1,300, unahesabiwa kuwa mji mkuu wenye baridi kali kuliko yote duniani. Katika mazingira hayo kilimo kina nafasi finyu. Ngano na viazi hupandwa hasa katika mabonde ya kaskazini, na ardhi iliyobaki, ambayo ndiyo karibu yote, hufaa kwa ufugaji tu.

Mwendo kama njia ya kuishi

Wamongolia huzungumzia aina tano za mifugo kama msingi wa maisha, nazo ni farasi, ng'ombe pamoja na yaki, ngamia, kondoo na mbuzi. Yaki ni ng'ombe mwenye manyoya marefu anayestahimili milima ya baridi. Kila aina ina kazi yake na malisho yake: farasi hupasua theluji kwa kwato na kufungua njia kwa wanyama wengine, kondoo hutoa nyama na sufu, ngamia hubeba mizigo na kuishi kwenye vichaka vya Gobi, na mbuzi hutoa kashmiri, yaani sufu laini sana ya chini ya manyoya, inayouzwa ghali katika masoko ya dunia. Kwa kuchanganya wanyama hao, familia hupunguza hatari ya kupoteza kila kitu kwa pigo moja.

Familia ya wafugaji huhama mara mbili hadi nne kwa mwaka, na katika maeneo makavu mara nyingi zaidi, ikifuata kambi za majira ya baridi, ya kuchipua, ya kiangazi na ya kupukutika majani. Kuhama huko kuna mpangilio. Kambi ya baridi huwekwa mahali palipokingwa na upepo, pamoja na zizi na samadi iliyokaushwa kwa ajili ya moto, na malisho yanayoizunguka huachwa bila kuguswa kiangazi chote ili yasubiri miezi ya dhiki. Nyumba inayofaa maisha hayo ni ger, hema la mviringo lenye kuta za fito zinazokunjika, paa linaloshikiliwa na pete ya mbao, na vifuniko vya sufu iliyoshindiliwa hadi ikawa nene kama zulia. Mlango wake huelekezwa kusini, jiko huwekwa katikati, na familia moja inaweza kuivunja au kuisimamisha kwa muda wa saa chache.

Adui mkubwa wa maisha haya huitwa dzud, jina la janga la majira ya baridi linaloua mifugo kwa wingi. Dzud nyeupe hutokea theluji inapokuwa nene kiasi kwamba wanyama hawayafikii majani. Dzud ya chuma hutokea theluji inapoyeyuka kidogo kisha ikaganda na kuwa gamba gumu la barafu. Na dzud nyeusi hutokea theluji inapokosekana kabisa katika maeneo yasiyo na maji mengine ya kunywa. Mara nyingi janga hutanguliwa na kiangazi kikavu, ambapo wanyama huingia katika baridi wakiwa wamekonda na nyasi kavu za akiba zikiwa chache. Majira matatu mfululizo ya baridi kati ya 1999 na 2002 yaliangamiza mamilioni ya wanyama, yale ya 2009 na 2010 yaliua takriban mmoja kati ya kila watano, na yale ya 2023 na 2024 yaliua zaidi ya milioni 7. Tangu 1940 wastani wa joto nchini umepanda kwa zaidi ya nyuzi 2, kasi inayozidi wastani wa dunia, na majanga yaliyokuwa yakitarajiwa mara moja katika miaka kumi hivi sasa hurudi mapema zaidi.

Mfugaji anayepoteza wanyama wake hapotezi mapato ya mwaka mmoja tu, bali hupoteza akiba, chakula, usafiri na mahari ya watoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kuanzia 2006 ulijaribiwa, kwa msaada wa Benki ya Dunia, mpango wa bima unaolipa kwa kuangalia kiwango cha vifo vya mifugo katika wilaya nzima badala ya hasara ya mtu mmoja mmoja, ili mfugaji aliyejitahidi kuwaokoa wanyama wake asikose malipo kwa sababu ya bidii yake.

Watu, lugha na imani

Zaidi ya wananchi wanane kati ya kila kumi ni Wakhalkha, kundi kubwa la Wamongolia ambalo lahaja yake ndiyo msingi wa lugha ya taifa. Magharibi wapo Waoirati, wazungumzao lahaja zao za Kimongolia, na Wakazaki, ambao ni Waislamu wenye lugha ya jamii ya Kituruki na ambao ndio wengi katika mkoa wa Bayan-Ölgii. Kaskazini wapo Waburyati wenye ndugu zao upande wa Urusi, na karibu na ziwa Khövsgöl lipo kundi dogo la Watsaatan wanaofuga paa wa nchi za barafu. Ni vyema kukumbuka kwamba Wamongolia wengi zaidi wanaishi nje ya Mongolia: nchini China pekee walihesabiwa zaidi ya milioni 6 katika sensa ya 2020, hasa katika eneo linaloitwa Mongolia ya Ndani.

Kimongolia kiliandikwa kwa karne nyingi kwa hati iliyotokana na ile ya Wauighuri, ambayo huteremka kutoka juu kwenda chini. Katika miaka ya 1940, chini ya uongozi uliofuata mkondo wa Kisovieti, nafasi yake ilichukuliwa na herufi za Kisirili, yaani zile zinazotumiwa na Warusi, zikiongezwa herufi mbili. Tangu 2025 sheria inataka nyaraka za serikali ziandikwe kwa hati zote mbili, hatua inayoonekana na wengi kama urejeshaji wa urithi ulioingiliwa. Majina ya watu pia yana utaratibu wake, kwa kuwa jina la mzazi hutangulia na jina la mtu mwenyewe hufuata. Hivyo Rais Ukhnaagiin Khürelsükh ni Khürelsükh wa Ukhnaa, na huitwa Khürelsükh.

Dini yenye wafuasi wengi ni Ubudha wa mapokeo ya Kitibeti, ambao huongozwa na watawa waitwao lama, na chini yake zimebaki imani za kale zinazoiheshimu mbingu, milima na mizimu ya mababu. Kwenye vilele na mapito huonekana marundo ya mawe yaliyofungwa vitambaa vya buluu, ambayo wasafiri huyazunguka kwa heshima. Sikukuu mbili hubeba mwaka: Tsagaan Sar, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, ambapo vijana huwatembelea na kuwasalimu wazee wao, na Naadam ya mwezi Julai, ambapo taifa zima hufuatilia mieleka, mbio za farasi na ulengaji wa mishale. Elimu ilienea mapema kwa nchi ya wahamaji, kwani makao makuu ya wilaya yalijengewa shule zenye mabweni ya watoto wa wafugaji, na leo karibu watu wazima wote wanajua kusoma na kuandika. Wasichana huwazidi wavulana katika vyuo vikuu, jambo linalotokana kwa sehemu na desturi ya familia kuwabakiza wavulana malishoni.

Kutoka milki hadi jamhuri

Mwaka 1206 mkutano wa wakuu wa koo kando ya mto Onon ulimtawaza Temujin kuwa Chinggis Khaan, na katika karne hiyo warithi wake waliitawala sehemu kubwa ya Asia na mashariki ya Ulaya. Mjukuu wake Khubilai alianzisha nasaba ya Yuan nchini China mwaka 1271, na nasaba hiyo ilipoangushwa mwaka 1368 wakuu wa Mongolia walirudi nyikani, wakagawanyika na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1691 wakuu wa Khalkha walijiweka chini ya himaya ya Qing, iliyotawaliwa na Wamanchu kutoka Beijing. Himaya hiyo iliigawa nchi katika vitengo vilivyoitwa khoshuu, kila kimoja kikiwa na mtemi na mipaka yake, na mfugaji wa kawaida hakuruhusiwa kutoka nje ya mipaka hiyo. Sehemu kubwa ya mifugo na malisho ilikuwa chini ya watemi na nyumba za watawa. Kwa namna hiyo malisho yalikuwa ya wote katika matumizi, lakini uamuzi juu yake haukuwa wa wote.

Himaya ya Qing ilipotikisika mwaka 1911, Wamongolia walitangaza uhuru na kumtawaza kiongozi wao wa dini, Bogd Khan, kuwa mfalme. Uhuru huo haukutambuliwa: mkataba wa Kyakhta wa 1915 kati ya Urusi, China na Mongolia uliipunguza nchi kuwa eneo lenye mamlaka ya ndani tu chini ya China. Baada ya majeshi ya China kurudi mwaka 1919 na kufuatiwa na kikosi cha Warusi waliopinga mapinduzi ya nchini mwao, wanamapinduzi wa Mongolia walisaidiwa na Jeshi Jekundu kuutwaa mji mkuu mwezi Julai 1921. Bogd Khan alifariki mwaka 1924, na mwezi Novemba mwaka huo Jamhuri ya Watu wa Mongolia ilitangazwa, ikawa dola ya pili ya kijamaa duniani baada ya Muungano wa Kisovieti.

Gharama ya ulinzi wa Kisovieti ilikuwa kubwa. Kati ya 1937 na 1939, wakati kiongozi wa Mongolia Khorloogiin Choibalsan alipokuwa akitekeleza siasa za Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, inakadiriwa kuwa watu 30,000 au zaidi waliuawa katika taifa lisilofikisha watu milioni moja. Wengi wao walikuwa watawa, na mamia ya nyumba zao za ibada yalibomolewa. Viongozi wa kisiasa nao hawakusalimika. Peljidiin Genden, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliuawa mjini Moscow mwaka 1937. Kumbukumbu ya maangamizi hayo inapaswa kuwekwa mbele kila historia ya nchi hii inaposimuliwa, kwa sababu iliikatia Mongolia kizazi kizima cha wasomi, waganga na watunza maandishi. Katika miaka ya 1950 mifugo iliingizwa katika vyama vya ushirika vilivyoitwa negdel, ambavyo vilipanga nani ahame lini na wapi, vikachimba visima, vikatoa huduma za mifugo na kuweka akiba ya majani makavu. Mongolia ilipata kiti katika Umoja wa Mataifa mwaka 1961.

Tarehe 10 Desemba 1989 vijana walifanya maandamano ya kwanza ya wazi mjini Ulaanbaatar wakidai vyama vingi, na Machi 1990 wengine wakagoma kula katika uwanja wa Sükhbaatar, katikati ya mji. Jambyn Batmönkh, kiongozi wa chama tawala, alikataa kutumia nguvu dhidi yao, na uongozi mzima wa juu wa chama ukajiuzulu. Hakuna damu iliyomwagika. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika Julai mwaka huohuo, na tarehe 13 Januari 1992 ikapitishwa katiba mpya.

Mfumo wa serikali

Katiba ya 1992 iliweka mfumo wa kibunge wenye Rais anayechaguliwa na wananchi. Chombo cha juu cha kutunga sheria ni Ikh Khural, yaani Mkutano Mkuu wa Dola, bunge lenye chumba kimoja ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na wabunge 76. Marekebisho ya 2023 yaliongeza idadi hiyo hadi 126, ambapo 78 huchaguliwa katika majimbo makubwa 13 na 48 hupatikana kwa uwiano wa kura za vyama. Katika uchaguzi wa Juni 2024 Chama cha Watu wa Mongolia, mrithi wa chama kilichotawala enzi za ujamaa, kilipata viti 68, Chama cha Kidemokrasia viti 42, na vyama vitatu vidogo vikagawana 16 vilivyobaki. Wanawake walipata viti 32, yaani robo ya bunge, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwahi kukifikia kabla.

Waziri Mkuu hutokana na chama au muungano wenye wabunge wengi, naye huongoza serikali na kuwajibika kwa Bunge, ambalo laweza kumwondoa kwa kukosa imani naye. Nguvu hiyo si ya maandishi tu, kwani mwezi Juni 2025 Waziri Mkuu Luvsannamsrain Oyun-Erdene alilazimika kuondoka baada ya wiki kadhaa za maandamano ya vijana na kura ya imani iliyomwendea vibaya. Rais ni mkuu wa dola na amiri jeshi mkuu, huteua majaji na anaweza kuzuia sheria kwa kura ya turufu ambayo Bunge laweza kuitengua kwa theluthi mbili. Kufuatia marekebisho ya 2019, Rais hutumikia kipindi kimoja cha miaka sita bila kurudia, na mgombea anapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 50. Ukhnaagiin Khürelsükh, aliyechaguliwa Juni 2021, ndiye wa kwanza kuongoza chini ya utaratibu huo. Mahakama ya Katiba ina wajumbe tisa, ambapo Bunge, Rais na Mahakama ya Juu hupendekeza watatu kila mmoja, ili isiwe chombo cha mhimili mmoja.

Utawala wa mikoani umejengwa kwa ngazi. Nchi ina mikoa 21 iitwayo aimag, kila mkoa umegawanyika katika wilaya ziitwazo sum, na kila sum katika vitongoji viitwavyo bag. Mikoa na wilaya zina mabaraza ya kuchaguliwa, lakini katika bag mamlaka yako kwa mkutano wa wananchi wote, mahali ambapo wafugaji hujadili visima, mipaka ya malisho na tarehe za kuhama. Ulaanbaatar una hadhi ya pekee na wilaya zake tisa.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi katika katiba hiyo ni namna inavyoishughulikia ardhi. Raia wanaweza kumilikishwa ardhi, lakini malisho yametengwa nje ya umilikaji wa mtu binafsi, na mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi hata kidogo. Mifugo imetajwa kuwa utajiri wa taifa unaolindwa na dola. Marekebisho ya 2019 yaliendeleza fikra hiyo hadi chini ya udongo, yakisema kwamba rasilimali za asili ni mali ya umma na kwamba sehemu kubwa ya faida ya machimbo yenye umuhimu wa kimkakati inapaswa kuwafikia wananchi.

Mali ya wote na msimamizi wake

Kuandika kwamba kitu ni cha wote ni rahisi kuliko kukisimamia. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mifugo iligawiwa watu binafsi huku malisho yakibaki ya pamoja, na ngazi iliyokuwa ikipanga mwendo ikatoweka bila kurithiwa. Mifugo iliyokuwa takriban milioni 26 mwaka 1990 ilipanda hadi karibu milioni 71 mwaka 2019, na mbuzi wa kashmiri waliongezeka zaidi ya mara tano, kwa kuwa kila kaya iliona faida ya mnyama wa ziada na hakuna kaya iliyolipia majani yaliyoisha. Tathmini za kitaifa zinaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya malisho yamedhoofika. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha sheria ya kodi ya mifugo ambayo mapato yake yalikusudiwa kurudi kwenye malisho na maji ya eneo husika, na katika wilaya kadhaa vikundi vya wafugaji vimeweka makubaliano ya maandishi ya kupumzisha ardhi. Juhudi hizo zinarejesha kwa hiari kazi ambayo zamani ilifanywa kwa amri ya mtemi au ya chama.

Walioshindwa na dzud wengi wamekwenda Ulaanbaatar. Mji huo wenyewe ulizaliwa ukihama, kwani ulianza mwaka 1639 kama makao ya watawa yaliyokaa katika mahema, ukabadilisha mahali zaidi ya mara ishirini, na ukatulia katika bonde la Tuul mwaka 1778. Leo una karibu nusu ya Wamongolia wote. Zaidi ya nusu ya wakazi wake wanaishi katika mitaa ya ger iliyopanda vilima, katika viwanja vilivyozungushiwa uzio wa mbao, kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika 2003 inayompa raia haki ya kumilikishwa kiwanja kisichozidi mita za mraba 700 mjini humo. Viwanja vingi havikuunganishwa na mabomba ya maji taka wala ya joto, hivyo kila nyumba huwasha jiko lake, na moshi wa makaa hujaa bonde lote wakati wa baridi na kuwadhuru hasa watoto. Serikali ilipiga marufuku makaa ghafi mjini mwaka 2019 na kuleta yaliyoshindiliwa viwandani, lakini chanzo cha tatizo ni mfumo wa makazi.

Upande wa madini, chimbo la Erdenet lilianza kuzalisha shaba mwaka 1978 kwa ubia na Wasovieti. Machimbo ya Oyu Tolgoi katika Gobi ya kusini, yenye shaba na dhahabu, yalitokana na mkataba wa 2009, nayo serikali inamiliki asilimia 34 huku asilimia 66 zikiwa za kampuni ya Rio Tinto. Wananchi wengi walilalamika kwamba hisa za taifa zililipiwa kwa mkopo uliochelewesha gawio kwa miaka mingi, na baada ya mazungumzo marefu kampuni ilikubali mwaka 2022 kufuta deni la zaidi ya dola bilioni 2. Desemba mwaka huohuo maelfu ya watu walisimama katika baridi kali kwenye uwanja wa Sükhbaatar kudai maelezo juu ya makaa ya mawe yaliyopelekwa China bila kuhesabiwa ipasavyo. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya mfuko wa utajiri wa taifa, ili mapato ya madini yawekwe akiba na kugharamia makazi, elimu na afya badala ya kugawiwa taslimu, kama ilivyofanyika mwanzoni mwa muongo uliotangulia.

Kati ya majirani wawili

Hakuna sera ya ndani ya Mongolia isiyogusa majirani. China hununua zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zote zinazouzwa nje, na karibu mafuta yote ya petroli hutoka Urusi. Reli inayoiunganisha miji mikuu ya nchi hizo ina upana wa Kirusi, hivyo mabehewa hubadilishwa magurudumu au mizigo hupakuliwa mpakani mwa China. Kwa sababu hiyo Mongolia imejenga sera ya jirani wa tatu, yaani kukuza uhusiano na Marekani, Japani, Korea Kusini, India na nchi za Ulaya ili isitegemee upande mmoja. Ilijitangaza kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia mwaka 1992, na tangu 2002 imekuwa ikituma askari wa kulinda amani. Waangalizi wake walihudumu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na vikosi vyake vimekuwa Sudan Kusini kwa miaka mingi, kwa kuwa taifa dogo hupata sauti duniani kwa kubeba sehemu ya mzigo wa wote.

Demokrasia ya Mongolia ina udhaifu unaojulikana, hasa ukaribu wa siasa na biashara na mabadiliko ya mara kwa mara ya serikali. Hata hivyo imedumu tangu 1990 mahali ambapo wengi hawakuitarajia, na vyama vimepokezana madaraka kwa kura mara kadhaa. Uimara wake utapimwa na uwezo wa taasisi zake kufanya kazi moja: kuwapa watu wanaotumia mali ya pamoja, wawe wafugaji wa bag ya mbali au wakazi wa mitaa ya ger, haki ya kujua inavyotumika na nguvu ya kumwondoa anayeitumia vibaya. Mahali ambapo haki hiyo ipo, katika mkutano wa kitongoji au katika kura ya kutokuwa na imani, maneno ya katiba yanatekelezeka; na mahali ambapo haipo, malisho huisha na madini huondoka, hata kama sheria inasema ni ya wote.